Nyimbo Zilizofungiwa Ndani ya Simu

Mama Filomena alizikwa Jumamosi asubuhi. Mimi nilifika Kasongo siku moja kabla, nikitoka Kabambare kwa pikipiki, magoti yamekufa ganzi na kitambaa changu cha kichwani kimechukua rangi ya barabara. Uani kwake wanawake walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa zamu. Karibu na ukuta mwanaume mwenye ndevu za mvi alikuwa amepiga magoti mbele ya spika ya matanga iliyokuwa ikikoroma, bisibisi ameibana kwa meno. Sikuhitaji kuona uso wake. Namjua mtu mmoja tu anayeshika bisibisi kwa meno hata wakati mikono yake yote miwili haina kazi. "Vero," alisema bila kugeuka, maana alikuwa ameniona kwenye kioo cha pikipiki, "pole na safari. Njoo ushike hii waya." Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, yeye Salamabila, mimi Kabambare, na jambo la kwanza aliloniomba lilikuwa kushika waya. Nikaishika. Spika ikaacha kukoroma, ndipo tukasalimiana na kulia.

Usiku ule na siku mbili zilizofuata wajukuu wa Mama Filomena walituuliza sisi ni nani kwake. Walishangaa kumwona Mwislamu kutoka Salamabila na mwalimu wa hesabu kutoka Kabambare wamekaa kwenye mkeka wa familia, wakati hatuna damu moja nao wala hatukuoa wala kuolewa kwao. Sumaili, yule wa bisibisi, aliwajibu kwamba sisi ni watoto wa simu. Wakacheka, wakadhani ni mzaha wa matanga. Jibu lenyewe ni refu, nami naliandika hapa kwa kuwa wale waliolijua kwa ukamilifu sasa tumebaki wawili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, upande wa hesabu na fizikia, na sikuwa na kazi ya kufundisha. Nikapata nafasi katika chumba kimoja cha kupiga chapa karibu na soko. Kulikuwa na ordinateri mbili, yaani kompyuta, mashine ya kuchapa iliyopenda kumeza karatasi, na meza ya mbao iliyochafuka wino wa mihuri. Niliandika barua za machifu, kazi za wanafunzi, matangazo ya harusi. Kwenye baraza ya chumba hichohicho, nyuma ya turubai la bluu, Sumaili alikuwa na meza yake ya kutengeneza simu. Alikuwa na kioo cha kukuzia, mswaki mzee, chupa ya spiriti, na kopo la maziwa lililojaa simu zilizokufa, ambazo aliziita makaburi. Alikuwa ameacha shule darasa la sita. Lakini mtu akimletea simu, aliishika kwanza sikioni kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasema ugonjwa wake, na mara nyingi alikuwa sawa. Sisi wawili tulizungumza kupitia turubai mchana kutwa bila kuonana, na watu waliokuja kuchapa barua walidhani naongea peke yangu.

Papa Anselimi alikuwa maestro wa korali, kwaya yetu ya parokia. Mchana alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali, mwenye vidole vinene kama ndizi za kupika. Hakujifunza kamwe kuandika muziki kwenye karatasi. Nyimbo zake alizitunga ndani ya simu, maana siku zile kulikuwa na aina ya simu ndogo, ngumu, iliyokuwa na mahali pa kujitengenezea mlio wako mwenyewe: ukibonyeza moja inatoka do, mbili inatoka re, na kuendelea. Papa Anselimi alikuwa akipanda baiskeli kwenda kufundisha makanisa ya vijijini. Wimbo ukimjia njiani alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye mti, akabonyeza. Siku ya Alhamisi aliinua simu juu mbele ya korali, ikalia kwa sauti yake ya mbu, sisi tukaidaka, halafu akatupa maneno kwa mdomo, mstari kwa mstari. Noti zilikaa kwenye simu na maneno yalikaa kichwani mwake. Hakuna siku ambayo mmoja wetu alifikiri kwamba hilo ni jambo la hatari.

Mwaka ule watu wa Kabambare walikuwa wanamaliza kanisa jipya, na korali yetu ilialikwa kuimba siku ya kulibariki, kiangazi kikifika. Papa Anselimi alituambia ametunga nyimbo saba kwa ajili ya siku hiyo. "Ziko tayari," alisema, akipapasa mfuko wa shati. "Ziko hapa. Krismasi ipite kwanza, nitawapa." Krismasi haikufika. Asubuhi moja ya mvua alianguka nyuma ya nyumba, uso ndani ya maji, simu ndani ya mfuko. Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi nyumbani upande wake wa kuume ulikuwa umekufa, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Ukimuuliza kama ana kiu alijibu, "Kesho." Ukimsalimia, "Kesho." Alipokasirika alisema kesho mara tatu, nne, na mishipa ya shingo ikasimama.

Mama Filomena, mke wake, alileta simu kwetu ndani ya bakuli la mchele, akidhani mchele utanyonya maji. Mchele ulikuwa mweupe, mzuri, wa shamba lake mwenyewe, na Sumaili aliutazama kwa huzuni kuliko alivyoitazama simu. Aliifungua, akaisugua kwa mswaki, akaisikiliza. "Uso wake umekufa, Mama. Vibonyezo vyote maji yamekula. Lakini iko inapumua." Aliiunganisha na ordinateri yangu kwa waya aliotengeneza mwenyewe, kwa programu aliyopewa na rafiki yake wa Goma. Majina yalitoka kwanza, moja baada ya jingine: padri, infirmiye, mwenye kuuza saruji. Halafu yakatoka mafaili saba, kila moja limepewa jina la herufi K na namba. K ya Kabambare. Mama Filomena, ambaye hakujua kusoma sana, alizijua zile K, akaweka kidole kwenye kioo.

Lakini ndani ya mafaili yale hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na safu za namba zilizochanganyika na herufi, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna kitu katika ordinateri kilichokubali kuzipiga. Kuzihamisha kwenye simu nyingine nako hakukuwezekana, maana ile programu ilikuwa ya wizi: ilisoma tu, na ukitaka kuandika ilidai namba ya siri. Sumaili alimpigia simu fundi aliyemfundisha, huko Bukavu. Nilimsikia yule fundi kupitia turubai, sauti yake kubwa. Alisema tusipoteze muda, kwamba namna simu ile inavyoongea na ordinateri ni siri ya walioitengeneza, haijaandikwa popote. Sumaili alikata simu. Kisha akasema, "Vero, wale walioitengeneza ni watu ao ni malaika?" Nikamwambia ni watu. "Basi," akasema.

Tulihamia nyumbani kwa Papa Anselimi kila alasiri baada ya kufunga. Mama Filomena hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake na alitaka kuona kazi, paa lake lilikuwa na pano ya jua ya kutupa umeme, na zaidi ya hayo watu walikuwa wameanza kusema kuhusu mimi na Sumaili. Kitanda cha Papa kilikuwa kimeletwa sebuleni, kwa kuwa chumba cha kulala kilikuwa na giza. Tulifanya kazi kwenye meza ya chakula, hatua mbili kutoka kichwani pake, kati ya viti vinne vilivyofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono. Saa kumi na moja ordinateri ilisukumwa pembeni, zikaja sahani. Wali, sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga, samaki mkavu wa mto. Kwa Sumaili, Mama alikuwa na sufuria moja ambayo haikuguswa kamwe na nyama ya nguruwe, na alimwonyesha sufuria hiyo kila siku ili asiwe na wasiwasi. Mimi mpaka leo, nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, nafikiria hesabu.

Tulihitaji simu nyingine ya aina ileile, iliyo nzima. Maman Feza, muuza mawese wa sokoni, alikuwa nayo. Alitukopesha baada ya Sumaili kumwekea laini yake katika simu nyingine. Vibonyezo vyake viliteleza kwa mafuta. Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa ilituchukua zaidi ya miezi miwili. Tulitunga katika simu ya Maman Feza wimbo wa noti moja tu, do. Tukausoma kwa waya, nikanakili namba katika daftari. Halafu tukabadilisha do kuwa re, tukasoma tena, nikatafuta ni namba gani imebadilika. Kisha mi. Kisha noti mbili. Kisha do fupi, do ndefu. Tulikuwa kama watu wanaojifunza lugha ya mgeni kwa kumwonyesha kitu kimoja kimoja na kusikiliza anasema nini. Mwanzoni yule mgeni alionekana kichaa. Noti ileile ikiwa ya kwanza iliandikwa namna moja, ikiwa ya pili iliandikwa namna nyingine kabisa, na noti moja ilichafua namba mbili. Sumaili alisema simu inatudanganya. Nilijaza daftari zima.

Siku moja Mama Filomena alikuwa anapakia mchele kwenye magunia hapo mlangoni, vikombe kwa vikombe, na gunia likijaa katikati ya kikombe alimwaga nusu iliyobaki katika gunia linalofuata. Nilimtazama muda mrefu. Halafu nikachukua zile namba, nikazigeuza zote kuwa moja na sifuri kama tulivyofundishwa shuleni, nikaziandika katika mstari mmoja mrefu bila kuacha nafasi yoyote, kurasa tatu zilizobandikwa kwa utomvu. Na pale zikaonekana. Kila noti ilikuwa na tarakimu kumi na mbili, zilezile kila mara, ila hazikujali zinaanzia wapi. Kila namba ya simu ilikuwa gunia, na gunia likijaa katikati ya noti, nusu yake ilimwagwa katika gunia la pili. Tarakimu tatu za kusema hii ni noti, nne za kusema ni noti gani, tatu za kusema urefu, na mbili za mwisho sifuri sifuri, ambazo katika majaribio yetu hazikubadilika hata mara moja. Tuliziona kama mkia tu. Nilimwonyesha Sumaili. Alizifuata kwa kucha mpaka mwisho wa karatasi ya tatu, akarudi mwanzo, akafuata tena, kisha akaenda nje, na nikamwona dirishani amesimama peke yake kati ya mipapai, akicheka.

Katika wiki hizohizo alifika Papa Bonifasi, mdogo wake Papa Anselimi, kutoka Lusangi. Lazima niseme alimpenda kaka yake. Kila asubuhi alimwogesha, akamnyoa kwa wembe wake mwenyewe, polepole, akimvuta ngozi kwa kidole gumba, akimsemesha kwa lugha yao ya nyumbani. Lakini alikuwa amekuja kumchukua. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, nachambua karanga, nikamsikia.

"Shemeji, mutu anayejibu kesho kwa kila kitu hayuko tena humu ndani. Mwili ndio ulibaki. Acha nimupeleke kwetu, afie kati ya wake."

"Iko humo," alisema Mama Filomena. "Ananiangalia."

"Hata mbuzi inaangalia, shemeji."

Mama alirudi kwenye ungo. Nilisikia ungo wake ukipepeta, ukipepeta, mpaka nikajua mchele umekwisha kuwa safi zamani. Baadaye infirmiye, muuguzi aliyekuja kumwangalia Papa, alimwambia mlangoni kwamba siku mbili juu ya pikipiki, katika barabara ile, Papa hatafika akiwa hai. Lakini ndugu ni ndugu, na Bonifasi alikuwa amekwisha kusema Jumapili baada ya misa wataondoka. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi tulimaliza K1. Nilisoma noti kutoka daftarini, Sumaili akazibonyeza katika simu ya Maman Feza. Tukakaa kando ya kitanda, Mama miguuni, Bonifasi mlangoni, na Sumaili akaipiga. Papa Anselimi alifungua macho yote. Aliujua. Hakuna aliyeuona uso wake wakati ule anayeweza kusema hakuujua. Lakini wimbo ulitembea vibaya, noti zote zikipiga hatua sawasawa kama polisi wa gwaride, na tulipofika mstari wa pili alianza kutikisa kichwa. Alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Kesho," alisema. "Kesho. Kesho. Kesho." Machozi yakamtoka kwa jicho moja. Bonifasi alikuja akamfuta. "Munamuchokoza," alituambia, bila hasira. "Mumefanya kazi kubwa, watoto. Sasa mumuache apumuzike." Tulitembea kurudi sokoni. Nilijua nimekosea mahali fulani, na sikujua wapi.

Ijumaa Sumaili alikuwa msikitini, nikaenda peke yangu. Niliketi karibu na kitanda na simu ile, nikianza K1 upya, noti kwa noti, nikifuata daftari. Papa alikuwa akinitazama kidole. Nilipobonyeza noti ya tatu mkono wake wa kushoto ulikuja, ukaushika wangu, ukakiweka kidole changu gumba juu ya kibonyezo, ukakandamiza. Nilidhani mkono umekakamaa. Nilijaribu kujitoa kwa upole, lakini hakuniachia. Alikandamiza mpaka ukucha wangu ukawa mweupe. Na kwenye kioo cha simu, pembeni ya ile noti, pakatokea nukta ndogo ambayo mimi na Sumaili hatukuwahi kuiona, kwa sababu sisi tulikuwa vijana na tulibonyeza haraka. Noti yenye nukta hukaa zaidi ya wenzake, mara moja na nusu. Papa Anselimi, kwa vidole vile vinene, alikuwa amejaza nyimbo zake nukta. Aliniachia, akanipeleka kwenye kibonyezo kingine, akanigusisha tu, fupi. Kingine, fupi. Kingine, akakandamiza. Alipitisha mstari mzima wa kwanza katika kidole changu. Niligeuka kwa ajili ya kumwita Mama, nikamkuta Bonifasi amesimama nyuma yangu na beseni la maji ya kunyolea. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliweka beseni sakafuni, taratibu sana, akaketi kwenye kiti.

Sumaili alipotoka msikitini tulisoma ile noti yenye nukta kwa waya. Tarakimu mbili za mwisho, ule mkia tulioudharau, zilikuwa zimebadilika: sifuri moja. Nilifungua kurasa za K1 nikatazama mikia tu. Ilikuwa imejaa. Zilikuwepo muda wote mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimezikata kwa sababu katika nyimbo zangu mwenyewe hazikusema kitu. Nimefundisha hesabu miaka mingi tangu siku ile, na mwanafunzi akiniambia kitu fulani hakina maana kwa kuwa hakibadiliki, namrudisha kiti chake akafikirie zaidi.

Jumamosi, kabla ya chakula, tuliipiga tena. Safari hii niliimba juu yake, la la la, ili simu isiwe peke yake. Mstari wa kwanza ulipita, Papa amefumba macho. Katika mstari wa pili mdomo wake ulifunguka, ukapinda upande, na sauti ikatoka. Haikuwa nzuri, ilikuwa ya mtu aliyekaa kimya miezi. Lakini ilikuwa na maneno.

*Tumefika, tumetembea mbali,*
*vumbi ya njia iko kwa miguu yetu,*
*fungua, tuko wengi,*
*hakuna wa kubaki inje.*

Mimi niliacha kuimba. Sumaili, ambaye alikuwa ameishika simu, alikuwa ameipandisha mpaka karibu na sikio la Papa kana kwamba anamnywesha maji. Mama Filomena alitoka jikoni na mwiko mkononi, mawese yakidondoka sakafuni, na Bonifasi aliteleza kutoka kwenye kiti chake akakaa chini. Wimbo ulipokwisha Mama alisogea. "Anselimi," alisema, "unanijua?" Papa alimtazama, akahangaika, akakusanya nguvu zake zote, akasema, "Kesho." Tukacheka wote, na yeye akacheka zaidi yetu, kicheko cha upande mmoja, machozi yakimwagika. Halafu alinyoosha kidole kwenye simu, kwamba irudiwe.

Infirmiye alituambia amewahi kusikia jambo la namna hiyo, kwamba mtu anaweza kupoteza maneno ya kusema na akabaki na yale ya kuimba, maana yamehifadhiwa mahali tofauti. Hakushangaa sana. Sisi tulishangaa kwa niaba yake. Jumapili, baada ya misa, Papa Bonifasi alipanda pikipiki peke yake. Aliacha wembe wake kwa Mama Filomena na kumfundisha namna ya kuvuta ngozi kwa kidole gumba. Kwetu alikuja akatushika mikono, akaenda.

Nyimbo sita zilizobaki tulizitoa kwa wiki tatu. Tulimpigia, akaimba, nikaandika. Mbili hazikuwa na maneno. Nadhani hakuwa ameyatunga bado, na tuliacha hivyo. K6 haikuwa ya kanisa hata kidogo. Ilimhusu mwanamke mmoja anayevuna mchele na mgongo wake ukionekana kutoka barabarani, na maestro mmoja juu ya baiskeli anayeshindwa kwenda mbele. Papa aliiimba akitazama dari. Mama Filomena alikuwa amesimama mlangoni na aliposikia mstari wa tatu aliniambia, "Vero, weka hiyo biki chini, mama." Niliweka kalamu. Wimbo ule sikuuandika siku ile, na maneno yake siyaandiki hapa.

Kanisa la Kabambare lilibarikiwa katikati ya kiangazi. Papa hakuweza kusafiri. Korali ilienda kwa pikipiki, watu wawili wawili, na tuliimba nyimbo nne kati ya zile. Sumaili alikuja pia. Alisimama nyuma kabisa kwa kuwa hakujua ni wakati gani watu wanakaa na wakati gani wanasimama, na nilimwona akihesabu kwa vidole, kumi na mbili, kumi na mbili. Ni siku hiyo pia nilipoongea na mkuu wa shule wa pale, na ndiyo sababu maisha yangu yote yamekuwa Kabambare. Kuhusu mimi na Sumaili, watu walisema mengi mwaka ule, na sitadanganya: angeniomba, ningefikiri sana. Hakuniomba. Kila mmoja alijua nyumbani kwa mwenzake kungesemwa nini. Tulikuwa na furaha kubwa mno pale mezani, na nafikiri tuliogopa kuipeleka mahali ambapo ingegombaniwa. Yeye alioa Salamabila, mimi niliolewa Kabambare, na siku ya maziko aliniletea picha za wajukuu wake.

Alihamia Salamabila mwisho wa mwaka uleule. Kule kulikuwa na wachimbaji wengi, na kila mchimbaji alikuwa na simu iliyoingia matope. Alikuja kuaga asubuhi, dereva wa pikipiki akimngoja barabarani na injini inawaka. Kufikia wakati ule Mama Filomena alikuwa amemfundisha Papa kuomba vitu vidogo kwa sauti ya K3: maji, njaa, nigeuze. Lakini yalikuwa maneno ambayo Mama alimtia mdomoni kwanza. Kila alichoimba bila kufundishwa kilikuwa kitu alichokitunga kabla ya kuanguka. Tulikuwa tumekubali hivyo, na tuliona ni kingi.

Sumaili aliinama kitandani, akampa Papa salamu zake za haraka, kama watu wanavyofanya wanapoogopa kulia. Papa alimshika mkono wa shati. Alivuma kitu puani, akakosea, akaanza tena, akakosea. Dereva alipiga honi. Sumaili alisema, "Muzee, niko narudi, usijali," akataka kujitoa, lakini ule mkono wa kushoto mimi naujua, hauachii. Mara ya tatu sauti ilikaa. Haikuwa K1 wala yoyote ya zile saba. Ilikuwa mpya, ikipanda noti mbili na kushuka moja, na maneno yakaja juu yake taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. *Sumaili anaenda. Nyumba itakuwa kimya.*

Mama Filomena alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Papa alirudia mstari ule, akaongeza mwingine nusu, akasimama kutafuta mwisho wake, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Sumaili aliweka begi chini, akavuta kiti. Nje dereva alipiga honi mara mbili tena, kisha tukasikia pikipiki ikiondoka. Wimbo ulimalizika kabla ya chakula cha mchana. Sumaili alienda Salamabila siku ya pili yake, na dereva mwingine.